Jembe Likitoka Bondeni

Lori la mbao lilikuwa limeshashika lami kuelekea Makambako ndipo Oliva akakumbuka kwamba ameacha sufuria ya magimbi jikoni.

"Kaka, yatachacha," akaniambia.

"Vestina atayala."

"Vestina hana meno."

"Magimbi hayataki meno."

Dereva akacheka. Alikuwa mtu wa Makete, amevaa koti juu ya koti. "Mama, kwani mnahama au mnakwenda sokoni?"

Nyuma yetu, juu ya mbao, kulikuwa na godoro lake, majembe yake, mbuzi jike aliyefungwa miguu, na kabati la vyombo alilolitengeneza marehemu mumewe kwa mkono wake. Mtu haendi sokoni na kabati.

"Tunahama," nikasema mimi.

"Poleni. Mmefiwa?"

"Hapana," Oliva akasema, macho barabarani. "Tumeuzwa."

Dereva akabadilisha gia.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana yako maneno mengi yanayozungushwa na mengine si ya kweli. Mimi na Oliva ni wa tumbo moja, tumezaliwa Mawengi kule Ludewa. Yeye aliolewa Ubena, kijiji cha Ihambwa. Mimi nikaolewa na barabara. Nimepiga nyundo kwenye reli, nimechuma chai, nimechunga ng'ombe wa watu Usangu. Shule nimeisoma kwa vipande: kidogo Mawengi, kidogo kisomo cha watu wazima Makambako, kilichobaki nimekiokota kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Miguu ilipoanza kulalamika nikaenda kwa dada yangu kupumzika. Nikakuta bonde.

Kwa asiyejua, kinyungu ni bustani ya bondeni. Mvua zikikatika na mlimani kukakauka, watu wa huku hushuka kwenye tope, wakapandisha matuta, wakapanda mahindi, maharage na mboga. Mwezi wa kumi, wakati wengine wanakuna vichwa, mwenye kinyungu anachoma mahindi mabichi. Kwa kinyungu chake Oliva alimsomesha binti yake Feliciana. Kwa kinyungu hichohicho alimlea Clemens.

Clemens ni mdogo wa mwisho wa marehemu mumewe. Oliva alipoolewa alimkuta anatambaa, mama yao ameshafariki. Akambeba mgongoni naye bado bibi harusi, mpaka wapita njia wakadhani amekuja naye tumboni kutoka Ludewa. Clemens akakua, akasoma mpaka kidato cha nne, akawa mwenyekiti wa kijiji. Siku za kawaida alimwita Oliva shemeji. Akiwa na shida alimwita mama.

Sasa, vinyungu havina hati. Hati ni jembe. Jembe lako likiingia bondeni kila kiangazi, hapo ni pako na pa wanao. Likikaa nje viangazi viwili, pamerudi kijijini, na mwenyekiti anaweza kumpa mtu mwingine, hakuna wa kumlaumu. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtoto wa Ihambwa alilijua kama anavyojua kwamba moto unaunguza. Ndiyo maana mwanamke akilazwa hospitali Njombe, wenzake hushuka wakampigia tuta. Wanaita kumshikia jembe. Tuta moja tu, hata lisipoota kitu, linatosha. Nimemwona Vestina, bibi ambaye mgongo wake umepinda kama mundu, analetwa na wajukuu mpaka ukingoni, anapiga jembe lake mara chache, anakohoa, anarudishwa kitandani. Nikamwuliza kwa nini anajitesa. "Nikifa," akasema, "nife nikiwa na mahali."

Basi, mvua za kwanza zikamleta Scholastica. Alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, mwanamke wa makamo, mpole, anapiga chafya kila ukungu ukishuka. Bondeni kwetu kulikuwa na ua ambalo wanawake waliliita mwali. Mwaka mzima limejificha kwenye tope. Mvua zikianza linatoka, la njano, koo jekundu, miguu ndani ya maji. Halafu linarudi ndani kabla hujalizoea. Tulilijua kama unavyomjua kuku wa jirani. Scholastica alipoliona alipiga magoti majini, suruali na yote.

Vestina akaninong'oneza, "Huyu anasali au ameteleza?"

Alikuwa analia. Akatueleza kwamba ua lile limewahi kuonekana mahali pengine pamoja tu, bonde moja huko Makete, na lile lilikaushwa kwa mikaratusi. Kwa hiyo waliobaki duniani ni hawa wetu. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tuna kitu ambacho dunia haina.

Lakini msidhani Oliva alipigania ua kwa ajili ya uzuri wake. Oliva alipigania maji. Maparachichi yameingia Njombe kama homa. Mabonde ya jirani yalikuwa yameshapigwa mifereji, maji yakapelekwa kwenye miche ya milimani, na wenye vinyungu wakabaki na udongo uliopasuka. Siku ile Scholastica aliposema kwamba mmea kama ule sheria inaweza kuulinda, na kwamba huwezi kuulinda bila kulinda maji unamosimama, Oliva alimkamata mkono.

"Dokta, rudia hapo."

"Ukikausha bonde, umeua mmea. Sheria ikiukataza mkono usiue mmea, imeukataza usikaushe bonde."

"Hata mkono wa tajiri?"

"Hata wa tajiri."

"Basi tuandikie hiyo sheria leo."

Scholastica akacheka, akaeleza kwamba kuuingiza mmea kwenye orodha ya taifa ni safari ya miaka. Njia ya karibu ni sheria ndogo ya kijiji: mkutano mkuu unapitisha, mwenyekiti anaipeleka halmashauri ya wilaya, wakiidhinisha ina nguvu kama sheria nyingine. Tukakaa naye siku kadhaa kuipanga. Yeye aliomba jambo dogo tu: kitovu cha bonde, pale mwali anapokaa kwa wingi, paachwe. Kingoni watu waendelee na matuta yao.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Ukungu ulikuwa mzito hata waliokaa nyuma hawakumwona mwenyekiti, walisikia sauti. Sheria ikasomwa, mikono ikanyooshwa, ikapita. Hapo ndipo Clemens akasimama tena.

"Ndugu zangu, kamwene."

"Kamwene!"

"Sheria tumepitisha, lakini bado ni karatasi. Wakubwa watakuja kukagua. Wakikuta mahindi yamesimama katikati ya maua watatucheka. Watasema, hawa hawako serious. Mimi naomba tutoe majembe yote, kingo na kitovu. Sheria ikiidhinishwa tutarudi kingoni kwa mpango."

Scholastica akasema, "Mwenyekiti, mimi sikuomba hivyo."

"Dokta, wewe unajua maua. Mimi najua ofisi."

Watu wakacheka. Vestina akainua fimbo. "Mwenyekiti! Jembe likitoka, nani anatushikia?"

Kicheko kikaisha. Ndilo swali lililokuwa kwenye kila kichwa. Clemens akaondoka mezani, akatembea katikati ya watu mpaka alipoketi dada yangu, akamshika bega.

"Nawashikia mimi," akasema. "Kwani mimi ni mtoto wa bonde gani? Mama huyu hapa alinilea kwa mahindi ya humo humo. Mama, nikikuambia nimekushikia jembe, unaniamini au huniamini?"

Oliva akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya kijiji kizima. "Nakuamini, mwanangu."

Akitoa Oliva, nani abaki? Wakatoa wote. Hata Vestina, ingawa alitangulia kutema mate pembeni.

Kosa hilo mtu wa mjini hawezi kulifanya. Yeye angedai saini. Sisi tulikuwa tumeshikiana majembe tangu babu zetu, na hajawahi kutokea aliyeshikiwa akanyang'anywa. Wazo lenyewe halikuwepo.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa kigumu. Oliva alinunua mahindi sokoni kama mgeni. Mwezi wa kumi harufu ya mahindi ya kuchoma haikusikika Ihambwa, na watoto waliuliza mwaka huu kumeingia nini. Clemens alikuwa anakwenda Njombe kufuatilia, anarudi na habari.

"Wanasheria wanaipitia."

"Safari hii madiwani hawakukutana."

"Subira, shemeji. Serikali ina miguu mizito."

Vestina alimkabidhi Clemens jogoo wake mwekundu akamkirimu mwanasheria wa halmashauri. Aliporudi, bibi akamwuliza, "Alisemaje?"

"Alishukuru sana, bibi."

Baadaye nilikuja kuambiwa na mwenye kilabu cha pombe ya ulanzi kwamba jogoo yule hakufika hata lami.

Lakini mwali, nisiseme uongo, alitoka. Mvua zilizofuata Oliva alinivuta mkono mpaka bondeni. Pale palipokuwa na matuta yake, tope lilikuwa laini bado, na maua yalikuwa yameota juu ya matuta yale yale, mstari kwa mstari, kama yamepandwa na mkulima. Oliva akavua ndala, akaingia majini, akatembea katikati yao huku ameshika khanga juu. Mtu mzima, anacheka peke yake.

"Ona walivyojipanga, kaka! Wamejua hapa ni kwangu."

Kiangazi cha pili kikapita vilevile. Mvua zikaja, mwali akatoka mwingi kuliko mwanzo, mvua zikaondoka. Na kiangazi cha tatu kilipoanza, kabla hata majani hayajakauka, likaja eskaveta.

Tulilisikia tukiwa tunakunywa uji. Tulipofika lilikuwa limeshafungua mfereji kutoka kingoni mpaka karibu na kitovu, na maji ya bonde yanatoka mbio, meusi, kama yalikuwa yanasubiri kufunguliwa. Pembeni alisimama Jastin, mfanyabiashara wa Makambako, mwenye miche ya maparachichi mlima mzima wa ng'ambo. Alitusalimia kwa adabu, akavua kofia.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unafanya nini kwetu?" Oliva akamwuliza.

"Nachimba bwawa la kumwagilia. Mama, mimi nimepewa kihalali. Kijiji kimenigawia, kibali cha bwawa kimetoka. Niliambiwa bonde halina mtu. Nikaja mwenyewe nikatembea, nikaona kweli, hakuna hata tuta."

Oliva akatazama pale palipokuwa matuta yake. Hakukuwa na hata tuta.

"Na sheria ya ua?" nikauliza mimi.

"Sheria gani?"

Nikampigia simu Scholastica. Siku ile ile akapanda gari, na alipofika Njombe hakuja kwetu kwanza, alikwenda moja kwa moja ofisi ya halmashauri. Jioni akatupigia. Alikuwa anasita kama anayetoa habari ya msiba.

"Haijawahi kufika. Hawajapokea sheria ndogo yoyote ya Ihambwa. Mwanasheria ananiuliza Ihambwa iko wapi."

Oliva alichukua khanga yake ya pili, akaitupa begani, akaenda kwa Clemens. Nikamfuata. Tulimkuta uani ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye mti wa plamu, povu shavu moja.

"Karibuni, shemeji. Mzee, shikamoo."

"Sheria iko wapi, Clemens?"

"Kaeni kwanza."

"Iko wapi?"

Akafuta povu taratibu. "Sikuipeleka."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema hakununua chumvi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nikajikuta sina la kufanya na ukweli.

"Shemeji, sikiliza. Ile sheria ingefunga bonde milele. Kijiji kitakula maua? Jastin anajenga darasa, anatengeneza barabara, vijana wanapata vibarua. Na ingeamuliwa vipi, kila mmoja na kajembe kake anasema hapa pangu, hapa pangu? Nilitaka bonde liwe safi, halina mgogoro. Halmashauri ya kijiji tulikaa, tukakubaliana. Hakuna aliyenyang'anywa. Majembe mlitoa wenyewe, viangazi viwili vimepita. Mila mnaijua."

"Ulisema unanishikia," Oliva akasema.

"Nilisema kijiji kinawashikia. Kimeshika, sasa kimegawa."

"Ulisema *mimi*, wewe," nikamwambia. "Nilikuwepo. Mkono ulikuwa begani kwake."

"Mzee, wewe ni mpita njia. Usiingie ya wenye kijiji."

Oliva alikuwa hanisikii mimi wala yeye. Alimsogelea, akamtazama usoni kama anatafuta alama ya mtoto aliyembeba.

"Nikuulize moja tu. Siku ile uwanjani, ulipokuja mpaka nilipokaa. Jastin ulikuwa umeshaongea naye?"

Clemens akatazama kioo.

"Jibu."

"Shemeji..."

"Siku ile uliniita mama."

Mke wa Clemens alitoka na birika la chai, akatuona, akarudi ndani nalo. Tukaondoka.

Kesho yake asubuhi Oliva alichukua jembe. Hakuniita, lakini kufika bondeni nilikuta Vestina na wanawake wengine wanane au tisa wamefika, hakuna aliyepanga na mwenzake. Wakaingia kwenye tope lililokuwa limeanza kupungua maji, upande ambao mfereji haujafika, wakaanza kupiga matuta. Opereta wa eskaveta akazima mashine, akawatazama. Kwa muda mfupi niliamini kwamba inawezekana.

Akaja Sila, mgambo wa kijiji, na wenzake wawili wenye virungu nyuma yake. Sila ni kijana aliyekula kwa Oliva mara nyingi.

"Mama, naomba mtoke."

"Nipo kwangu."

"Mama, nisaidie. Hapa ni ndani ya mita sitini za chanzo cha maji. Sheria inakataza kulima."

Vestina akaegemea jembe, akacheka mpaka akakohoa. "Sila, mwanangu! Na lile dude la njano linalima au linacheza ngoma?"

"Lile lina kibali, bibi. Nyie mna majembe."

Wakachukuliwa Oliva na wawili waliokataa kutoka, wakapelekwa kata. Walionywa, wakaachiliwa mchana, majembe yakabaki ofisini mpaka wiki iliyofuata. Ajabu ni hii: sheria ya kulinda maji ilikuwepo muda wote, na mtu wa kwanza kukamatwa nayo Ihambwa alikuwa dada yangu.

Scholastica alikuja na magunia na ndoo. Akaomba tumsaidie kuchimba vitunguu vya mwali vilivyo chini ya tope kabla mfereji haujafika, akavitunze chuoni. Tulichimba naye. Kila akimtazama Oliva alisema, "Mama, nisamehe," na kila mara Oliva alimjibu, "Wewe hukusema tutoe. Nilisikia." Akachimba kuzunguka kila kitunguu taratibu, kwa vidole, jembe kaliweka kando.

Siku moja kabla ya kuondoka kwetu, Clemens alikuja na mfuko wa sukari. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, usiende. Watu watasema nimekufukuza. Jastin anataka mtu mzima wa kusimamia wanawake wa palizi. Nimemtaja wewe."

"Palizi ya wapi?"

"Kwenye miche. Hapo ng'ambo."

"Nitakuwa naona bonde nikiwa huko?"

Akafikiri ni swali la kawaida. "Lote. Linaonekana lote."

Oliva akachukua sukari, akaimwaga kwenye sufuria ya kulishia kuku, akamrudishia mfuko. "Mfuko utakusaidia," akasema. Kisha akaendelea kufunga vyombo.

Bwawa lilijaa masika yaliyofuata. Jastin anauza maparachichi na amejenga darasa alilosema, bati la bluu. Clemens uchaguzi wa serikali za mitaa alipita bila kupingwa. Sila ni mlinzi wa bwawa. Vestina alifariki kwenye baridi ya mwezi wa saba, alizikwa mlimani. Wanawake wengine wanapalilia miche. Wawili wamehamia Igwachanya kwa watoto wao.

Sheria ndogo Scholastica aliipeleka mwenyewe, ikaidhinishwa. Inalinda ukanda wa chini ya bwawa, pale ambapo maji hayafiki tena. Mwaka wa kwanza alitoka mwali mmoja mmoja. Mwaka wa pili hakutoka. Vile vya chuoni vimetoa majani, maua bado, na maombi ya orodha ya taifa yangali mezani.

Mimi nilikwenda Tunduma, nikarudi. Oliva anaishi kwa Feliciana, Makambako, nyuma ya stesheni, upande wa upepo. Anauza vitumbua asubuhi. Clemens hupita barabara hiyo kila mwezi akienda kwenye shughuli zake. Hajasimama.